Wapagazi wa Kilimanjaro wasiachwe na pawabenki zisizohimili baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo kwa mtu aliyeko mjini linaweza kuonekana dogo, lakini kwetu sisi tunaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro limekuwa jambo la usalama wa watu. Nazungumzia pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu na tochi, na namna tunavyoinunua, tunavyoibeba na tunavyoitumia kwenye baridi. Nimefanya kazi mlimani kwa miaka kumi na minne, mitano ya mwanzo nikiwa mpagazi na iliyofuata nikiwa mwongoza watalii, na yote nitakayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu au nimejifunza baada ya kuumia.

Nilipoanza kubeba mizigo, tochi zetu zilitumia betri ndogo za kununua dukani, simu ya mpagazi ilikuwa ya vitufe na chaji yake ilikaa siku nne au tano, na hakuna aliyetarajia kumpigia mtu simu akiwa kambi ya juu ya Barafu. Leo tochi ya kichwani inachajiwa kwa waya, simu ni ya skrini kubwa na chaji yake haifiki kesho, saa ya mgeni inachajiwa, kamera inachajiwa, na wapo wageni wanaokuja hata na glavu zenye betri ndani yake. Mtandao nao umepanda mlima. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na tangu hapo kampuni nyingi zinatarajia mwongozaji atoe taarifa za kundi lake kila jioni kwa simu. Ni jambo jema. Lakini ukiacha taa za sola zilizoko kwenye vibanda vya njia ya Marangu, mlimani hakuna soketi, na kwa hiyo siku sita au saba za safari, pamoja na mwanga wa usiku wa kilele na simu ya kuomba msaada, zote zimening'inizwa kwenye kifaa kimoja ambacho hakuna mtu aliyetufundisha tabia zake.

Nieleze kilichonifanya nianze kulifuatilia jambo hili. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunapanda kwa njia ya Machame, na kama kawaida tuliondoka kambi ya Barafu saa sita usiku. Mbingu ilikuwa wazi kabisa, na wanaoujua mlima wanafahamu kwamba usiku wa mbingu wazi ndio wenye baridi kali kuliko yote. Ilipofika kama saa tisa usiku mgeni mmoja, mama wa makamo, alianza kuyumba na kujibu maswali kwa maneno yasiyoeleweka, na dalili hizo za ugonjwa wa mwinuko zina tiba kuu ya haraka, nayo ni kumshusha. Nilimkabidhi kwa msaidizi wangu, kijana mwenye nguvu na mwenye kuijua njia, nikampa na pawabenki ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeichaji ikajaa Moshi na ambayo saa sita usiku, tulipokuwa tukiondoka kambini, ilikuwa inaonyesha taa zake zote nne. Niliiweka kwenye mfuko wa juu wa begi lake, upande wa nje, ili aifikie kwa urahisi.

Hawajatembea hata saa nzima, tochi ya kijana ikaanza kufifia. Akachomeka waya kwenye pawabenki, haikutoa umeme. Akaibonyeza, ikawaka taa moja kisha ikazima. Akatoa simu yake ili anipigie, nayo ilizima mikononi mwake ingawa alikuwa ameiacha na zaidi ya nusu ya chaji. Redio za mkononi zilikuwa mbili tu, moja kwangu na nyingine kambini. Ilibidi akae na mgonjwa nyuma ya jiwe kubwa, amkumbatie kumkinga upepo, mpaka alipoona taa za kundi jingine na kuzifuata. Walifika Barafu salama, na yule mama alipoendelea kushushwa hadi Mweka alipata nafuu siku ile ile. Lakini jambo ambalo halijanitoka ni lile aliloniambia kijana baadaye: kwamba pawabenki ile aliitupa kwenye hema la jikoni karibu na joto, na baada ya muda usiofika saa moja mpishi aliibonyeza ikawaka taa tatu. Hakuna mtu aliyekuwa ameichaji.

Kwa maneno mengine, umeme haukuwa umeisha. Ulikuwa umo ndani ya betri muda wote, na mimi ndiye niliyeuweka mahali ambapo usingeweza kutoka.

Tangu wakati huo nimejitahidi kusoma na kuuliza mafundi, na naomba niyaeleze niliyoyapata kwa lugha ya kawaida, kwa sababu naamini wapagazi na waongozaji wengi wataisoma barua hii. Karibu pawabenki zote tunazouziwa zina betri za lithiamu. Ndani ya betri hiyo kuna majimaji maalumu, na umeme hupatikana pale chembechembe za lithiamu zinapoogelea katika majimaji hayo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi inapozidi, majimaji yale huwa mazito, chembechembe huenda kwa shida, na betri inapoombwa umeme mwingi kwa mara moja nguvu yake hushuka ghafla. Ndani ya pawabenki na ndani ya simu kuna saketi ya ulinzi ambayo kazi yake ni kuzima kila kitu nguvu ikishuka kupita kiwango fulani, na saketi hiyo haiwezi kutofautisha betri tupu na betri iliyoganda kwa baridi. Ndiyo maana simu yenye asilimia 50 huzima kileleni, na ndiyo maana zile taa nne ndogo hazipaswi kuaminiwa usiku wa baridi. Kampuni ya Apple imeandika wazi kwamba simu zake zimetengenezwa kutumika kwenye hewa ya kati ya nyuzi 0 na nyuzi 35 za Selsiasi. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Simu na pawabenki zilizotoka Moshi mchana wa nyuzi 28 zinakwenda kukutana na usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri, na siku mbaya hata 20 chini ya sifuri. Upepo hauwezi kuifanya betri iwe baridi kuliko hewa yenyewe, ila unaiharakisha kufika huko, na mfuko wa nje wa begi ndio mahali upepo unapopiga kuliko kwingine.

Hasara hiyo, hata hivyo, ni ya muda, maana betri ikipashwa joto hurudi. Hasara ya kudumu inakuja pale mtu anapoichaji betri ikiwa imepoa, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi kuliko mahali pengine popote. Watengenezaji wengi huruhusu betri za lithiamu zitoe umeme kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 60, lakini zichajiwe kati ya nyuzi 0 na nyuzi 45 tu. Sababu ni kwamba kwenye baridi kali lithiamu inayorudishwa hushindwa kuingia mahali pake, ikajibandika juu juu kama utando wa chuma. Utando ule hauondoki. Ukizidi unaweza kuota miiba inayounganisha pande mbili za betri kwa ndani, na betri ya namna hiyo inaweza kushika moto siku nyingine kabisa, hata ikiwa nyumbani Moshi juu ya kitanda. Sasa angalia tunavyofanya Barafu au Kibo asubuhi: theluji bado iko juu ya mahema, pawabenki imelala nje ya shuka usiku kucha, na jua likichomoza tu mtu anaitandaza juu ya jiwe pamoja na paneli ya sola ili ianze kupokea chaji. Tunaiharibu kwa mikono yetu, halafu tunasema ni bidhaa feki.

Kuhusu hizo pawabenki zenye kipande cha sola mgongoni, ambazo wageni na wapagazi wanazipenda sana, naomba niseme ukweli hata kama utawaudhi wauzaji. Kipande cha ukubwa wa kiganja hutoa kama wati moja au moja na nusu jua likiwa kali na limekipiga wima. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri) huhifadhi wati-saa 74, yaani umeme wa wati moja kwa saa 74. Gawanya mwenyewe utaona kwamba unahitaji kama saa 50 hadi 74 za jua la namna hiyo, na mlimani mawingu hupanda karibu kila mchana. Safari itakuwa imekwisha kabla betri haijajaa. Isitoshe, kuianika juani ni kuichemsha, na joto kali huizeesha betri kama vile baridi inavyoilaza. Paneli za kukunjua za wati 20 na kuendelea zinafaa kwa kambi ya kukaa, lakini ziichaji pawabenki iliyofichwa kivulini na iliyokwisha kupata joto la mwili au la mchana.

Utaratibu ninaoufuata sasa katika makundi yangu ni rahisi na haugharimu chochote. Pawabenki hukaa na mtu, haikai na mzigo. Mchana inakuwa ndani ya begi dogo la mgongoni, katikati ya nguo. Jioni, wakati watu wanakula na miili ina joto, ndipo simu na tochi zinapochajiwa, ndani ya hema la chakula na mbele ya macho ya watu. Na usiku inaingia kwenye begi la kulalia ikiwa imechomolewa waya. Nasisitiza kuchomoa, kwa sababu wapo wanaolala na simu inayochajiwa imefungiwa ndani ya begi la kulalia pamoja na pawabenki yake, na vitu hivyo viwili vikizalisha joto mahali ambapo joto halina pa kutokea, tena ndani ya hema la nailoni, hatari yake haihitaji maelezo marefu. Usiku wa kilele pawabenki inavaliwa: iko kwenye mfuko wa ndani ya koti, karibu na shati, na simu iko nayo. Waya wa tochi tunauachia urefu wa kutosha upite ndani ya kola, ili tochi ikihitaji umeme ipewe bila kuitoa betri nje. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni unyevu. Ukiingia na kifaa kilichoganda kwenye hema lenye mvuke wa chai, maji hujitengeneza juu yake na ndani ya tundu la waya, kama yanavyojitengeneza juu ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kiwekwe kwanza kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kipate joto polepole, ndipo kichomekwe.

Kwa tochi za kichwani ninatoa ushauri wa ziada. Kila mwongozaji na msaidizi wake awe na tochi ya pili inayotumia betri ndogo za lithiamu zisizochajiwa, ambazo huendelea kufanya kazi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati zile betri za kawaida za alkalini hulegea mapema sana. Ni ghali kuliko za kawaida, lakini seti moja inaweza kukaa begini miaka mingi ikisubiri usiku mmoja.

Ndugu Mhariri, sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nikuandikie wewe badala ya kuzungumza na wenzangu tu pale getini. Mgeni anayetoka nje anakuja na pawabenki nzuri, na ikiharibika mwenzake anayo nyingine. Mpagazi ananunua ya kwake kwa fedha yake, mara nyingi kwa wauza bidhaa wa mitaani, na anauziwa maandishi. Nimekutana na pawabenki nyepesi kama kipande cha sabuni iliyoandikwa mAh 20,000, na nyingine ya ukubwa huo huo imeandikwa 50,000. Ipo njia ya kuzipima kwa mzani wa dukani. Betri moja ya duara ya aina inayotumika sana, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hata ile bora haibebi zaidi ya mAh 3,500 hivi. Ili kufikisha 20,000 unahitaji angalau sita, yaani karibu gramu 280 za betri peke yake kabla ya kuongeza saketi na kasha. Pawabenki ya 20,000 iliyo chini ya gramu 250 ni uongo. Na hata iliyo ya kweli haitoi 20,000 kwenye simu, kwa kuwa hesabu ile hupigwa kwa nguvu ya volti 3.7 wakati umeme unaotoka kwenye waya ni wa volti 5, na njiani kiasi kingine hupotea kama joto. Mtu ahesabu kwamba atapata theluthi mbili hivi ya kilichoandikwa, na juu ya mita 4,500 apunguze tena.

Kijana anayebeba hema la mgeni, anayefika kambini kabla ya kila mtu ili mgeni akute maji ya moto, ndiye anayetembea usiku na tochi inayokufa, na ndiye asiyeweza kumjibu mama yake anayepiga simu kuuliza kama amefika. Wapo wanaochanga watu wanane kununua pawabenki moja, na jioni hupanga foleni ya dakika kumi kumi. Orodha ya vifaa ambayo kampuni nyingi humtumia mgeni hutaja pawabenki katika vitu vya hiari, pamoja na kitabu cha kusoma na miwani ya akiba. Kwenye orodha ya vifaa vya wafanyakazi haimo kabisa. Sijui ni kwa sababu gani kampuni inayonunua mtungi wa oksijeni na kipimo cha oksijeni ya damu, na inastahili pongezi kwa hilo, inashindwa kuona kwamba vifaa hivyo havina maana kubwa iwapo mtu aliye na mgonjwa gizani hana mwanga wala namna ya kuita wenzake.

Ninapendekeza kila kundi linalopanda lipewe na kampuni pawabenki za kweli kwa ajili ya wafanyakazi, angalau moja ya mAh 20,000 kwa kila watu wanne, na mbili za ziada zisizoguswa mpaka usiku wa kilele. Uzito wake hauzidi nusu kilo kila moja, na unaweza kuingia katika hesabu ya mizigo ya kampuni bila kumzidishia mpagazi yeyote juu ya kilo 20 zinazoruhusiwa na hifadhi. Kwa wale wanaofanya kazi na kampuni ndogo, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Ningefurahi sana kuona pawabenki na tochi zikiazimwa kwa utaratibu ule ule, zikirudishwa na kukaguliwa baada ya kila safari. Nina hakika wapo wageni ambao wakiombwa kwa heshima wataacha za kwao mwishoni mwa safari, kama wanavyoacha viatu na makoti.

Wageni wenyewe nao wanahitaji kuelezwa mambo mawili matatu siku ya kikao cha maandalizi hotelini. La kwanza ni mabegi makubwa. Mgeni hutumbukiza pawabenki chini ya begi analobebewa na mpagazi, begi lile linapandishwa kichwani, linatuliwa juu ya mawe, linarundikwa chini ya mengine, na betri iliyobonyea kwa ndani haitoi taarifa. Ya kuvimba isitumike wala isitobolewe, hata kama bado inachaji. Na ikumbukwe kwamba kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo betri bapa zilizokwisha kudhoofika huvimba kwa urahisi zaidi. La pili ni ndege. Kanuni za usafiri wa anga zinataka pawabenki ziwe kwenye begi la mkononi na si kwenye mizigo ya chini, zisizidi wati-saa 100 bila kibali cha shirika, na zilizo juu ya 160 haziruhusiwi kabisa kwa abiria. Mashirika mengine yamekaza zaidi. Emirates, ambao wateja wetu wengi hupanda mpaka Dar es Salaam, walipiga marufuku kuzitumia ndani ya ndege kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Mgeni asiyejua haya ananyang'anywa yake uwanjani, anafika KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, mikono mitupu, halafu anaanza kuazima ya mpagazi.

Wanaoendelea na safari ya mbugani baada ya mlima nao wasiiache juu ya dashibodi ya gari. Ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye jua la Tarangire, mahali pale hupita nyuzi 60 bila shida, na betri ambayo juzi ilikuwa imeganda leo inachemka. Hali kadhalika sisi wenyewe, msimu wa mvua za masika kazi zinapopungua, tusiziweke kwenye vyumba vya bati visivyo na dari. Zikae mahali penye ubaridi, zikiwa na nusu ya chaji, si zimejaa wala zimeisha.

Na ikitokea imeshika moto, maana inaweza kutokea, itolewe nje ya hema kwa sufuria au jembe dogo, isiguswe kwa mkono, iwekwe juu ya udongo mtupu mbali na watu, imwagiwe maji mengi mpaka ipoe kabisa, kwa kuwa betri ya namna hii inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezima. Mlima wetu uliungua Oktoba 2020 na ukaungua tena Oktoba 2022. Sisemi kwamba mioto ile ilihusiana na betri. Nasema kwamba tumeshaona jinsi vichaka vya juu ya msitu vinavyowaka katika kiangazi, na jinsi ilivyokuwa kazi kubwa kuuzima.

Kwa mamlaka zetu nina maombi machache. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Tume ya Ushindani, FCC, watusaidie kuzikagua pawabenki zinazouzwa Moshi na Arusha, na wadai kila moja iandikwe wati-saa zake kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu ni vigumu zaidi kudanganya kwa wati-saa kuliko kwa hizi mAh zinazoandikwa kama bei ya mnadani. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, KINAPA, iingize somo la betri na vifaa vya umeme katika mafunzo ya waongozaji, pale pale panapofundishwa magonjwa ya mwinuko na huduma ya kwanza. Saa mbili zinatosha, na mafundi wa kulifundisha wapo hapa hapa mkoani. Na kwenye mageti ya kushukia, Mweka na Marangu, naomba pawekwe chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na majengo, ambamo tutaziweka pawabenki zilizovimba au kufa, na pawe na utaratibu wa kuzipeleka panapostahili. Sasa hivi nyumbani kwangu ninazo saba, nyingi nimeziokota kambini, nimezifukia kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya banda la mbuzi kwa sababu siwezi kuzitupa na takataka nyingine, na sijapata mtu wa kumkabidhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwongoza watalii,
Marangu, Kilimanjaro